Bafu kuukuu: Kausha ukuta kwanza, rangi baadaye

NYUMBA nyingi za zamani mjini Tororo zina ugonjwa mmoja ambao wenyewe hawapendi kuuonyesha wageni. Sebule imepigwa rangi na mlango wa mbele unang'aa, lakini ukifika bafuni unakuta ukuta umebambuka, kuvu nyeusi imetanda kwenye pembe na sakafu inateleza.

Ukivuka hadi Busia, upande wa Uganda na hata ule wa Kenya, hali ni hiyo hiyo, hasa katika nyumba za kupangisha ambako bafu moja hutumiwa na familia nne au tano.

Mafundi wengi wana tiba mbili tu. Ya kwanza ni kuvunja kila kitu na kuweka vigae. Ya pili ni kupaka rangi ya mafuta juu ya uchafu wote huo, kazi ya siku moja, na kabla mwaka haujaisha ukuta umeanza kubambuka tena.

Ipo njia ya tatu, na ndiyo tuliyoifuata likizo iliyopita katika nyumba ya shangazi yangu mjini Tororo. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ile ya vigae. Muda wake ni mrefu, kwani kazi ilichukua wiki sita nzima, na siku za kupaka rangi yenyewe zilikuwa mbili tu.

Shangazi ni mjane mwenye umri wa miaka 71. Riziki yake hutoka katika vyumba vinne anavyopangisha. Wapangaji wawili walikuwa wamemwambia kwamba watahama kwa sababu ya bafu. Fundi wa kwanza aliyeitwa alipima, akakuna kichwa, kisha akataja bei ya vigae ambayo ilikaribia karo ya mwaka mzima ya mjukuu wake aliye sekondari. Shangazi alikuwa tayari kuuza ng'ombe wake wa maziwa.

"Mwanangu, mpangaji akihama leo na mwingine kesho, huyo ng'ombe nitamlisha nini?" aliniuliza.

Nilimwomba anipe hadi shule zifunguliwe. Hapa Uganda muhula wa tatu humalizika mwanzoni mwa Desemba na wa kwanza huanza Februari, na bahati nzuri hicho ndicho kipindi cha kiangazi katika sehemu hizi. Anayetaka kupaka bafu rangi mwezi wa Aprili, wakati mvua na radi za Tororo zimechacha, anajitafutia hasara.

Nyumba yenyewe ilijengwa na mfanyabiashara wa Kihindi miaka ya 1950, wakati mji huu ulipokuwa ukikua kwa ajili ya reli na kiwanda cha saruji. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na nyumba kama hizo zikaingia mikononi mwa watu wengine. Marehemu mjomba aliinunua baadaye. Kuta zake ni imara mno. Pale rangi ilipobambuka uliweza kuhesabu matabaka: nyeupe, kijani, manjano iliyofifia, buluu, kisha nyeupe tena.

Waliotangulia wote walipaka. Hakuna aliyeuliza kwa nini ukuta haukubali kushika rangi.

Maji yalikuwa yakitoka wapi?

Nilianza na mita ya maji. Usiku wapangaji walipokwisha lala, nilifunga mifereji yote na kuandika nambari za mita kwenye karatasi. Alfajiri, kabla ya mtu yeyote kufungua maji, nilizisoma tena. Zilikuwa zimesogea. Kwa muda wote huo shangazi alikuwa akililipa shirika la maji, NWSC, kwa maji yaliyokuwa yakinywewa na ukuta.

Jaribio la pili ni la nailoni, na kila mtu anaweza kulifanya. Kata kipande chenye sentimita 30 kila upande. Kibandike ukutani kwa tepe pande zote nne hewa isipite, kisha kiache kwa saa 24. Ukikuta matone upande wa ndani, ule unaoutazama ukuta, ujue unyevu unatoka ukutani kwenyewe. Matone yakiwa upande wa nje, huo ni mvuke wa bafuni ambao hauna pa kutokea.

Kwetu yalikuwa pande zote mbili.

Fundi bomba alikuja na kugonga ukuta kwa mpini wa nyundo mpaka akafika mahali ambapo plasta ililia kitupu. Ndani yake mlikuwa na bomba la chuma, na kona yake ilikuwa imeliwa na kutu. Hakulichimbua bomba zima. Alilikata pale linapoingia ukutani, akaliziba, kisha akapitisha bomba jipya la plastiki kwa nje, juu ya ukuta, hadi kwenye bomba la mvua. Halipendezi sana machoni, lakini likivuja tena litaonekana siku hiyo hiyo.

Kuhusu mvuke, sababu yake ilikuwa juu ya vichwa vyetu. Waliojenga nyumba hiyo waliacha matundu manne ya hewa karibu na dari. Wapangaji walikuwa wameyaziba kwa magunia ili kuzuia mbu, na sikuweza kuwalaumu, maana malaria ya huku si mchezo. Tuliyatoa magunia na kupigilia wavu wa mbu uliobanwa kwa vipande vya mbao. Hewa hupita, mbu hapiti.

Baada ya hapo tulisubiri. Mlango wa bafu uliachwa wazi mchana kutwa kwa wiki tatu, wapangaji wakioga katika kibanda cha mabati tulichosimamisha nyuma ya jikoni. Walinung'unika, na shangazi akawapunguzia kodi ya mwezi huo. Jirani aliyepita kututazama alisema kwamba mwalimu amekosa kazi, sasa analinda ukuta.

Nailoni ya pili, tuliyoibandika mwisho wa wiki ya tatu, ilikuwa kavu.

Mtoto na vipande vya rangi

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya.

Siku fundi wa rangi alipofika, alitoa kikwaruzo na msasa mkavu na kuanza kazi mara moja. Vumbi lilijaa hadi uani. Mlangoni alikuwa ameketi kitukuu wa shangazi, mtoto wa miaka miwili, akiokota vipande vilivyodondoka, na kimoja kilikuwa tayari mdomoni. Nilimbeba, nikamsafisha kinywa, kisha nikamwomba fundi asimame.

"Mwalimu, hii ni rangi tu," alisema mzee huyo, ambaye ana umri wa kunizaa. "Mimi nimeikwaruza tangu nikiwa kijana."

"Ni kweli, mzee wangu. Lakini hiyo ya chini ni ya kabla ya mimi kuzaliwa. Wakati ule walikuwa wakitia risasi."

Risasi ninayoizungumzia ni yale madini mazito yanayotumiwa pia katika betri za magari. Kwa miaka mingi watengenezaji wa rangi za mafuta waliyachanganya ndani ya bidhaa zao kwa sababu yaliifanya rangi ikauke haraka, iwe na nguvu na istahimili unyevu. Ndiyo maana rangi hizo zilipendwa bafuni, jikoni, na kwenye milango na madirisha.

Ubaya wake ni kwamba risasi ikiingia mwilini huathiri ubongo, na mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa mwili wake huifyonza kwa wingi na ubongo wake ungali unakua. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto haumwi siku hiyo wala kesho yake. Madhara huja kuonekana darasani, mtoto anaposhindwa kutulia au kushika anachofundishwa, na hapo hakuna anayekumbuka ukuta wa bafu.

Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye risasi mwaka 1978. Sehemu zetu zilichelewa sana. Nchini Kenya kiwango cha juu kinachoruhusiwa siku hizi ni sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni moja za rangi. Sheria hiyo inahusu kopo unalonunua leo. Ukuta uliopakwa mwaka 1960 haijui.

Wasomaji wa Kenya watakumbuka kisa cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi kwa risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamua kwamba walipwe Sh1.3 bilioni, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo baada ya kuwa umetenguliwa katika rufaa. Bafu la shangazi si kiwanda, naelewa. Lakini madini ni yale yale, na mtoto wa miaka miwili hahitaji mengi.

Kwa hivyo tulibadilisha namna ya kufanya kazi. Mtoto alipelekwa kwa mama yake mdogo Busia akakae huko mpaka tumalize. Tulitandika nailoni sakafuni. Ukuta ulinyunyiziwa maji kidogo kabla ya kukwaruzwa, na msasa mkavu ukabadilishwa kwa ule wa majimaji, kwani vumbi likiloa haliruki. Mabaki yalikusanywa yakiwa bado mabichi, yakafungwa katika mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Hatukuyafagia kwa ufagio mkavu, hatukuyachoma, wala hatukuyatupa shambani ambako kuku hudonoa. Nguo za kazi zilifuliwa peke yake.

Fundi alivaa barakoa. Leso iliyofungwa puani haizuii vumbi hilo.

Aidha, si lazima rangi yote ya zamani iondolewe. Ile iliyoshika vizuri iache mahali pake, uisugue kidogo kwa msasa wa majimaji ili ipate makali, kisha uifunike kwa rangi mpya. Inayobambuka pekee ndiyo ya kukwaruzwa. Hili lilimpendeza fundi kuliko yote niliyosema, maana lilimpunguzia nusu ya kazi.

Usafi una mipaka yake

Kuvu haitoki kwa kupakwa rangi. Ukiifunika, hula rangi yako kutoka chini. Tuliosha ukuta kwa maji ya sabuni ili kuondoa utando wa mafuta na povu la miaka mingi. Baadaye tulipaka Jik iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo vitatu vya maji, tukaiacha robo saa kabla ya kuisuuza. Usichanganye kamwe Jik na dawa ya choo yenye asidi wala kitu chenye amonia. Hutoa gesi ya sumu, na bafu ni chumba kidogo.

Palikuwa na sehemu ambazo unga mweupe ulikuwa umetoka ukutani. Huo si kuvu bali ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka ndani ya plasta na saruji. Ukiuosha, chumvi huyeyuka na kurudi ndani, ukuta ukikauka hutoka tena. Piga brashi kavu na ukusanye unga wake.

Sehemu ambayo fundi bomba alivunja ilizibwa kwa plasta mpya mapema, siku ile ile ya bomba. Hapa napo palitokea ubishi. Wengi hupaka rangi ya mafuta plasta ikishaonekana nyeupe, pengine baada ya siku nne au tano. Plasta mpya ya saruji huhitaji wiki nne, na sababu yake wanaifahamu akina mama wote wanaotengeneza sabuni kwa mafuta na maji ya majivu. Saruji mbichi ni kali kama hayo majivu. Mafuta yaliyomo katika rangi yakikutana nayo, ukuta unaanza kutengeneza sabuni chini ya rangi, na sabuni haishiki kitu. Ukigusa rangi ya namna hiyo inanata na kuvutika kama ute.

Kipo pia kipako cha kwanza, ambacho mafundi hukiita praima, kinachotengenezwa mahsusi ili kustahimili ukali wa saruji. Tulikipaka hata baada ya wiki hizo nne kwisha. Kopo lake ni dogo na bei yake si ya kutisha.

Kununua rangi mpakani

Anayeishi kati ya Tororo na Busia ana bahati ya kuwa na masoko mawili, na bahati hiyo ina usumbufu wake. Mimi nilikulia upande wa Kenya. Familia yetu ilikimbilia huko mwaka 1987 wakati wa mapigano ya mashariki mwa Uganda, nikasomea huko hadi kidato cha nne, na nilirudi nikiwa mtu mzima. Dukani Busia, Kenya, nilizoea kusema rangi, msasa na praima. Fundi wa Tororo huiita rangi "langi", na vifaa vingine huvitaja kwa majina ya kampuni. Ukiagiza kwa simu unaweza kuletewa kitu kingine kabisa. Ni heri kwenda na kopo tupu au kipande cha karatasi chenye jina kamili.

Majina yenyewe pia hayatulii. Kwa mfano, wazee wa Uganda bado huita rangi ya kampuni fulani Sadolin, ilhali kampuni hiyo ilinunuliwa na Kansai Plascon mwaka 2017 na bidhaa zake zikaanza kuuzwa kwa jina la Plascon. Upande wa Kenya utakutana na Crown na Duracoat. Mimi sina kampuni ninayoipigia debe. Ninachokagua ni muhuri wa kifuniko, tarehe ya kutengenezwa na alama ya ubora ya KEBS au ya UNBS. Kopo lililofunguliwa na kujazwa upya hununuliwa kwa bei nafuu na hulipiwa ukutani.

Kabla ya kununua, piga hesabu. Fundi aliniambia ninunue ndoo ya lita 20. Sehemu ya kuogea ya shangazi ina upana wa mita 1.2 kila upande, na ukuta unaolowa una kimo cha mita 2. Ni pande tatu, yaani 1.2 mara 2 mara 3, jumla mita 7.2 za mraba. Kwenye ukuta laini, lita moja ya rangi hupaka mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni chini ya lita mbili. Tulinunua kopo la lita 4 na bado rangi ilibaki. Mzee hakuwa na nia mbaya. Mafundi wamezoea kununuliwa vingi kwa sababu wenye nyumba hugoma kurudi dukani mara ya pili.

Aina ya rangi ndiyo iliyotugharimu. Rangi ya maji ya ukutani haifai pale maji yanapopiga moja kwa moja, ingawa ile inayong'aa kidogo inatosha kwa sehemu ya juu. Rangi ya mafuta ya kawaida hudumu kiasi, ukuta ukiwa mkavu. Inayofaa zaidi ni epoksi, ambayo huja katika makopo mawili yanayochanganywa wakati wa kupaka. Hukauka ikawa ngumu kama sahani. Hushika hata juu ya vigae vya zamani, mradi visuguliwe kwa msasa na kuondolewa mafuta yote, kwa hivyo mwenye vigae vilivyochakaa naye hana haja ya kuvibomoa.

Epoksi tuliipata Busia, upande wa Kenya. Kuvuka nayo hakukuwa na shida. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa mwaka 2018, msafiri hukaguliwa mara moja tu badala ya mara mbili, na bidhaa zilizotengenezwa katika nchi za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 zina utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo. Weka risiti mfukoni. Kutoka mpakani kopo langu lilibebwa na bodaboda, kazi ambayo ilianzia mpakani huku huku, wakati vijana walipokuwa wakiwavusha watu kwa baiskeli kutoka kituo kimoja hadi kingine.

Siku mbili za brashi

Kazi yenyewe ina machache ya kusimulia. Tulichanganya epoksi kidogo kidogo, kiasi cha kutumika kwa nusu saa, kwa sababu ikishachanganywa huanza kuganda, na joto la Januari huiharakisha. Mkono wa kwanza ulikuwa mwembamba, wa pili siku iliyofuata. Mlango na matundu ya hewa yalikuwa wazi wakati wote, na hapakuwa na sigara wala taa ya mafuta karibu, kwani harufu yake ni kali na hushika moto. Pembe, pale ukuta unapokutana na sakafu, zilijazwa silikoni. Maji hupenda kupita hapo kuliko mahali pengine popote.

Sakafu ndiyo iliyonitia wasiwasi kwa ajili ya umri wa shangazi. Rangi inayong'aa ikiloa na kupata sabuni huteleza kama ngozi ya ndizi, na mtu wa miaka 71 akivunjika nyonga huenda asisimame tena. Tulipaka mkono wa kwanza, na ungali mbichi tukanyunyiza mchanga mwembamba wa mtoni uliooshwa na kuanikwa. Ulipokauka tulifagia uliozidi na kupaka mkono wa pili juu yake. Ukikanyaga unahisi kama ulimi wa ng'ombe. Mwenye sakafu ya saruji ya kukwaruza asiipake chochote.

Baada ya hapo ni siku saba bila tone la maji. Wapangaji walikuwa wamechoka na kile kibanda, na siku ya nne mmoja alikutwa na ndoo mlangoni. Shangazi alikaa na ufunguo shingoni mpaka siku ya nane.

Nimeulizwa na wenzangu shuleni kuhusu bafu za nje, zile za matofali zilizo nyingi katika mitaa ya Busia, zisizo na bomba wala dari. Kwa hizo epoksi ni kupoteza fedha. Ukuta wa tofali unaolowa kutoka chini unahitaji kupumua, na chokaa huuruhusu. Isitoshe, chokaa ni kali na kuvu haiipendi. Tumekaa juu ya mawe ya chokaa hapa Tororo, na upande wa Kenya huchomwa Koru, karibu na Kisumu. Nunua ile ya unga iliyokwisha zimwa, iloweke usiku kucha, ichuje, iwe nyepesi kama maziwa. Lowesha ukuta, paka mara tatu, kila mara nyembamba, na ukinge macho yako. Kila mwaka utairudia. Usipake rangi ya mafuta juu yake, haitashika.

Mpangaji mmoja kati ya wale wawili alibaki, mwingine alikuwa amekwisha lipia chumba kwingine. Kile chumba kilikaa tupu kwa siku chache tu. Ng'ombe yupo, na bili ya maji imeshuka. Kitukuu alirudi kutoka Busia akiwa amejifunza maneno mapya ya Kiswahili.

Limebaki paa. Juu ya bafu hilo kuna mabati ya asbesto, kama yalivyo kwenye nyumba nyingi za enzi hizo katika mji huu ambao wakati mmoja ulikuwa na kiwanda chake cha kuyatengeneza. Asbesto isipoguswa hukaa kimya. Ikikatwa, ikitobolewa au kusuguliwa hutoa nyuzi zinazoingia mapafuni na kuleta saratani miaka mingi baadaye. Fundi umeme alitaka kuyatoboa ili apitishe waya wa taa. Tumemwambia aupitishe ukutani, na shangazi ameanza kuuliza ni nani mwenye ujuzi wa kuyashusha bila kuyavunja.